Hisabu ya Umeme na Shaba ya Kilembe

Baada ya reli kutoka Kampala kufika Kasese mwaka 1956, mabehewa yaliyosheheni makinikia ya shaba kutoka machimbo ya Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, yalikuwa yakishuka kuelekea mashariki, yakapita Kampala na kufika Jinja, ambako makinikia hayo yaliyeyushwa katika tanuri zilizojengwa jirani na umeme wa Mto Nile. Na kilichotoka tanurini, nacho ni shaba ghafi yenye malengelenge usoni, kilipakiwa tena behewani, kikapelekwa Mombasa, kikavuka bahari ili kikasafishwe ughaibuni kwa nguvu ya umeme wa watu wengine. Katika miaka hiyohiyo, wanafunzi wa Makerere na wa shule za sekondari zilizotandaa juu ya vilima vya Kampala walikuwa wakiketi mbele ya karatasi za mtihani, wakiulizwa kwamba mkondo wa ampea kadha ukipitishwa katika maji ya mrututu (salfeti ya shaba) kwa dakika kadha, shaba itakayojikusanya kwenye kathodi itakuwa na uzito gani. Mambo hayo mawili, la reli na la mtihani, ni jambo moja; ila sioni kama yaliwahi kukalishwa meza moja, na hadi leo swali hilo hufundishwa kana kwamba ni kitendawili cha darasani kisichohusiana na mali ya nchi.

Muradi wa makala haya ni kulitazama swali hilo lote, tangu asili yake hadi matumizi yake, na kuonyesha kwamba ndani yake mna maswali matatu. La kwanza ni chaji kiasi gani imepita. La pili ni kila chembe ya metali inahitaji elektroni ngapi ili itoke katika hali ya ioni na kuwa metali kamili. Na la tatu ni sehemu gani ya chaji hiyo ilifanya kazi tuliyoitaka, na sehemu gani ilipotelea kwingine. Mawili ya kwanza hufundishwa vema, na mwalimu wa Kampala hana la kulaumiwa juu yake. La tatu hupitiwa juu juu, aghalabu kwa sentensi moja au bila ya sentensi, ilhali humo ndimo ilimo gharama, ndimo ilimo hatari, na ndimo zilimo hoja ambazo serikali na wenye mitaji wanapaswa kuzipima.

Asili ya kanuni yenyewe ni Michael Faraday, mwana wa mhunzi, aliyezaliwa mwaka 1791, ambaye hakusoma shule ila kidogo sana, akajifunza kazi ya kujalidi vitabu, na kwa kuvisoma vitabu alivyovijalidi akafungua mlango wa elimu hata akapata nafasi katika Royal Institution ya London. Kati ya mwaka 1832 na 1834 alithibitisha mambo mawili. Alionyesha kwanza kwamba uzito wa kitu kinachotolewa na umeme hulingana sawasawa na chaji iliyopita, bila kujali ukubwa wa bamba, umbo la chombo, wala ukolezi wa maji yaliyomo. Kisha akaonyesha kwamba chaji ileile ikipitishwa katika vitu mbalimbali, uzito wa kila kimoja hufuata uwiano ambao wanakemia walikwisha kuujua kwa njia nyingine, yaani kiasi ambacho kitu kimoja huhitaji ili kuungana na kingine. Faraday hakuijua elektroni, kwa maana ilikuja kutambuliwa na J. J. Thomson mwaka 1897. Lakini kanuni yake ilikwisha kuubashiri ukweli huo, kwa sababu haiwezekani umeme na chembe za metali vihesabiane kwa usawa kamili namna hiyo isipokuwa umeme wenyewe nao huja kwa punje zinazohesabika.

Usawa huo uliaminika hata ukafanywa kipimo cha dunia. Mkutano wa wataalamu wa umeme uliofanyika Chicago mwaka 1893 uliifasili ampea kuwa ni mkondo thabiti ambao, ukipita katika maji ya chumvi ya fedha, huweka gramu 0.001118 za fedha kila sekunde. Na fasili hiyo, iliyothibitishwa mkutanoni London mwaka 1908, ilidumu hadi mwaka 1948. Kwa miaka mingi, basi, aliyetaka kujua mkondo wake ni kiasi gani kwa uhakika uliokubalika na mataifa, ilimlazimu apime fedha kwenye mizani. Hata biashara ya umeme ilianza kwa njia hiyo: mita za kwanza alizozitumia Thomas Edison huko Marekani katika miaka ya 1880 zilikuwa chupa zenye bamba za zinki ndani ya maji ya salfeti ya zinki, ambamo sehemu ndogo ya mkondo wa mteja ilipitishwa, na kila mwezi mtu wa kampuni alikuja kuchukua bamba hizo, akazipima, na badiliko la uzito likageuzwa kuwa deni. Mkazi wa Kampala anayenunua Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, leo kwa simu na kuingiza tarakimu katika mita yake ni mrithi wa mteja yule, ijapokuwa mita yake haina tena zinki na inahesabu yuniti za nishati (kilowati-saa) badala ya chaji peke yake. Na tofauti hiyo kati ya chaji na nishati nitairudia, kwa kuwa ndiyo shina la hoja yangu juu ya Jinja.

Hisabu yenyewe ni fupi. Mkondo kwa ampea huzidishwa kwa muda wa sekunde, ikapatikana chaji kwa kulombi. Chaji hiyo hugawanywa kwa 96,500, nacho ndicho kima cha kulombi kinachobebwa na moli moja ya elektroni, ambacho kwa uangalifu zaidi ni 96,485. Jibu hugawanywa tena kwa idadi ya elektroni ambazo kila ioni huzihitaji, mbili kwa shaba ya mrututu, moja kwa fedha, tatu kwa alumini. Na mwisho huzidishwa kwa uzito wa moli moja ya metali hiyo, ambao kwa shaba ni gramu 63.5 na kwa fedha ni gramu 107.9. Msomaji atazame lisilokuwamo: volti hazimo, joto halimo, ukolezi haumo. Vitu hivyo huamua kama mkondo utapita kwa wepesi au kwa taabu, lakini ukisha kupita, haviongezi wala havipunguzi hata gramu moja katika kile ambacho kila elektroni inadai.

Tuichukue maabara ya shule moja ya Kampala kwa mfano, maana hapo ndipo kanuni inapogusana na mikono. Bamba mbili za shaba zimesuguliwa kwa msasa hata zikang'aa, zikaoshwa, zikakaushwa na kupimwa, kisha zikatumbukizwa katika bilauri ya mrututu uliotiwa asidi kidogo. Na mwanafunzi mmoja amewekwa mbele ya ammita, kazi yake ni kusogeza rheostati kila sindano inapoyumba, ili mkondo ubakie nusu ampea kwa dakika 40. Sekunde 2,400 zikizidishwa kwa nusu ni kulombi 1,200. Zikipitishwa katika hisabu tuliyoitaja hutoa gramu 0.39 za shaba, yaani uzito wa punje moja hivi ya mahindi yaliyopukuchuliwa. Mizani ya shule inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu tayari ina shaka ya asilimia mbili na zaidi katika kipimo kidogo namna hiyo. Na mwanafunzi akiifuta kathodi kwa kitambaa badala ya kuiosha taratibu kwa maji na kisha kwa sipiriti, atabandua shaba changa ambayo haijashika vizuri, aone jibu pungufu, na alaumu kanuni isiyo na hatia. Mwenye haraka akiongeza mkondo ili amalize upesi, shaba huja kama unga mwekundu usiogandamana, ukadondoka chini ya bilauri. Kanuni imetimia, kwa maana shaba imetoka yote iliyopasa kutoka. Ila imetoka mahali ambapo mizani haiioni.

Bilauri hiyohiyo ikiunganishwa kwa mfuatano na nyingine yenye chumvi ya fedha, na nyingine yenye salfeti ya zinki, mkondo mmoja ukapita katika zote, zile kulombi 1,200 zitaweka gramu 1.34 za fedha na gramu 0.41 za zinki kando ya gramu 0.39 za shaba. Fedha inaipita shaba zaidi ya mara tatu, na sababu ni mbili zilizofungamana: chembe yake ni nzito zaidi, na haidai ila elektroni moja. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, wakidhani kwamba uzito wa chembe peke yake unatosha. Na mtahini anayejua kazi yake huweka mtego wake papo hapo, akitoa uzito uliopatikana na kuuliza ioni ilibeba chaji ngapi. Swali hilo la kinyume ni bora kuliko lile la kawaida, maana humlazimisha mtu kuyasoma maumbile kutokana na mizani, kama alivyofanya Faraday mwenyewe.

Sasa tuingie katika swali la tatu, na tuanze barabarani kabla ya kiwandani. Katika vibanda vya kuchaji betri mjini Kampala, betri ya gari ya volti 12 yenye risasi na asidi huachwa usiku kucha ikiunganishwa na chaja. Maadamu betri haijajaa, mkondo hufanya kazi ya kuzirudisha bamba za risasi katika hali yake. Lakini ikisha kujaa, mkondo hauna tena salfeti ya kuigeuza, na kwa kuwa hauwezi kupita bure, huanza kuyatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Kila ampea-saa moja hutenganisha gramu 0.336 za maji katika seli moja, na betri ina seli sita zilizopangwa kwa mfuatano, ambazo kila moja hupitiwa na mkondo uleule mzima. Kwa hiyo ampea-saa moja hugharimu gramu mbili za maji. Chaja ya ampea tano iliyosahauliwa kwa saa nane baada ya betri kujaa itakuwa imemaliza gramu 80 za maji, jambo ambalo fundi hulifidia asubuhi kwa kumimina maji ya betri bila kujiuliza yamekwenda wapi. Yamekwenda hewani: takriban lita 107 za haidrojeni na nusu yake ya oksijeni, zikiwa zimechanganyika kwa uwiano uleule unaofaa kulipuka, ndani ya kibanda ambacho pengine hakina dirisha na ambacho fundi huingia asubuhi na sigara au kuunganisha waya unaotoa cheche. Hisabu inayofundishwa kwa ajili ya mtihani ingeweza kumwokoa mtu macho yake, lau ingefundishwa kwa mfano huu.

Kisa cha Kasese ni kikubwa zaidi. Machimbo ya Kilembe, yaliyodhoofika katika miaka ya 1970 na kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, yalikuwa yakitoa, pamoja na shaba, jiwe la pairaiti lenye kobalti ndani yake. Na kwa kuwa halikuwa na soko wala njia rahisi ya kulichakata, lilirundikwa Kasese kwa miaka mingi hata likawa karibu na tani milioni moja, ambazo kila msimu wa mvua zilitiririsha maji yenye asidi na metali yakaunguza majani kuelekea mbuga ya Queen Elizabeth. Kiwanda cha kampuni ya Kasese Cobalt, kilichoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufungwa katika muongo uliopita baada ya rundo hilo kwisha, kililichukua tatizo hilo na kuligeuza mali: bakteria waliachiwa wakalila jiwe na kuachilia kobalti katika maji, maji yakasafishwa kwa hatua nyingi ili kuondoa chuma na metali nyingine, na hatimaye mkondo wa umeme ukaitoa kobalti kuwa metali juu ya kathodi. Hapo ndipo Uganda ilipoitumia kanuni ya Faraday kwa tani, na wala si kwa gramu.

Kobalti, kama shaba, huhitaji elektroni mbili, na ampea-saa moja kwa ukamilifu wake hutoa gramu 1.10. Tani moja, basi, hudai ampea-saa 910,000 hivi. Hata hivyo kobalti si mtiifu kama shaba. Shaba huipendelea elektroni kuliko haidrojeni inavyoipendelea, kwa hiyo katika chombo kilichotunzwa vema karibu mkondo wote huishia katika shaba. Bali kobalti iko upande wa pili wa haidrojeni, na kila asidi inapozidi kidogo, au ioni za kobalti zinapopungua karibu na bamba, haidrojeni hujipenyeza na kuchukua elektroni ambazo zililipiwa kwa ajili ya kobalti. Tuseme kwamba elektroni 90 kati ya kila 100 ndizo zinazofika kwenye kobalti. Tani ileile itadai sasa ampea-saa 1,011,000. Na ikiwa chombo kinatumia volti nne na nusu, nishati hupanda kutoka yuniti 4,095 hadi yuniti 4,550. Zile ampea-saa 101,000 zilizopotea, nazo, hazikupotea bila kuacha athari: zimezaa kilo 3.8 za haidrojeni, ambazo zikitawanyika katika jengo ni kama mita 45 za ujazo za gesi inayowaka, na nyingine hujificha ndani ya kobalti yenyewe na kuifanya iwe na mwelekeo wa kuvunjika. Mhandisi asiyeufuata ufanisi wa mkondo siku kwa siku ataona bili ikipanda na mizani ikishuka, wala hatajua ni wapi pa kushika.

Nimetaja yuniti, na sasa ni lazima kuitenga nishati na chaji, kwa sababu kuzichanganya kumewapotosha watu wengi wenye busara. Uzito wa metali huamuliwa na chaji. Bili ya umeme huamuliwa na chaji ikizidishwa kwa volti. Tani moja ya shaba hudai ampea-saa 844,000 popote duniani, iwe Jinja, iwe Katanga, iwe Japani. Lakini volti zinazohitajika ili kuzisukuma hutofautiana mno kwa kadiri ya kazi inayofanyika. Pale Likasi katika Katanga ya Kongo, mji ulioitwa Jadotville zama za Wabelgiji, kiwanda cha Shituru tangu mwaka 1929 kimekuwa kikichukua shaba iliyokwisha kuyeyushwa kwa asidi kutoka katika mawe na kuitoa majini kwa umeme, na anodi zake ni za risasi zisizotoa shaba yoyote. Huko umeme hufanya kazi mbili kwa pamoja, kutengeneza shaba upande mmoja na kutoa oksijeni upande wa pili, kwa volti mbili hivi. Na kwa hiyo tani moja hula yuniti 1,690 hata kabla ya hasara. Kwa kila tani ya shaba hupanda kilo 252 za oksijeni katika mapovu madogo madogo, na kila povu linalopasuka huchukua chembe ya asidi hewani, ndiyo maana wafanyakazi wa majengo hayo hukohoa na nguo zao hutoboka. Katanga iliuhitaji umeme kiasi kwamba mwaka 1982 ilifikishiwa njia ya kilomita 1,700 hivi kutoka maporomoko ya Inga, upande wa pili wa nchi.

Shaba ya Jinja ilikuwa na hali nyingine kabisa. Ilikwisha kuwa metali. Haikuhitaji ila kusafishwa. Katika kusafisha, bamba la shaba ghafi hufanywa anodi, nayo huyeyuka taratibu, na ioni zake huvuka na kujikusanya kwenye kathodi zikiwa safi. Kile ambacho umeme unakitoa upande mmoja unakirudisha upande wa pili, kwa hiyo kinachobaki kushindwa ni ukinzani wa maji na wa viungo, na volti zinazohitajika ni robo ya volti moja tu au karibu na hapo. Tani moja hudai zile ampea-saa 844,000 kama kawaida, lakini nishati yake haizidi yuniti 211, yaani sehemu moja ya nane ya ile ya Likasi. Wanafunzi hufundishwa kwamba anodi hupungua sawasawa na vile kathodi inavyoongezeka, na hiyo ni kweli kwa shaba safi ya maabarani. Kwa shaba ya tanurini si kweli: ikiwa asilimia moja na nusu yake ni uchafu, anodi italazimika kupoteza kilo 1,015 ili kathodi ipate kilo 1,000. Dhahabu na fedha zilizomo hazikubali kuyeyuka, huzama chini kama tope jeusi lenye thamani. Chuma na kobalti huyeyuka na kubaki majini, na kila kilo yao inayoyeyuka hutumia elektroni bila kurudisha shaba majini, hata ikawa mrututu hupungukiwa kidogo kidogo na sharti uongezwe. Hisabu ya darasani, ikifuatwa hadi mwisho wake, hueleza yote hayo kwa tarakimu.

Tuipeleke sasa hisabu hiyo Jinja. Tuchukue kiwango cha tani 15,000 za shaba kwa mwaka, ambacho ni kiwango cha machimbo yanayofanya kazi ipasavyo kwa ukubwa wa Kilembe. Tani hizo zikizidishwa kwa ampea-saa 844,000 na kugawanywa kwa saa 8,760 za mwaka, mkondo wa jumla katika vyombo vyote ni ampea milioni 1.45, na mkondo huo ukizidishwa kwa robo volti, nguvu inayohitajika ni kilowati 361. Tuongeze hasara za mkondo, tuongeze pampu na mitambo ya kugeuza umeme, hata tuifanye mara mbili kwa ihtiyati: haijafika megawati moja. Bwawa la Owen Falls, ambalo Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua tarehe 29 Aprili 1954, lilijengewa mitambo kumi ya megawati 15 kila mmoja, na katika muongo huohuo Uganda iliingia mkataba wa kuiuzia Kenya hadi megawati 30. Anayesema kwamba shaba ya Kilembe ilisafirishwa ghafi kwa sababu nchi haikuwa na umeme wa kuisafishia anajibiwa na hesabu ya mwanafunzi wa kidato cha nne. Umeme ulikuwapo, tena ulikuwa ukipita juu ya paa la tanuri zilezile.

Basi kizuizi kilikuwa wapi? Naona kwamba kanuni ileile inatuonyesha, tukiiuliza swali lingine. Chombo kimoja cha kusafishia kinachopitisha ampea 10,000 hutoa kilo 11.8 za shaba kwa saa, sawa na kilo 284 kwa siku. Kwa mkondo wa jumla tuliouhesabu, vyombo 145 vingetosha, idadi isiyotisha. Lakini kila chombo hujazwa anodi nzito, tuseme 30 za kilo 300 kila moja, yaani tani tisa za shaba; na kwa kasi ya kilo 284 kwa siku, tani hizo tisa huchukua zaidi ya mwezi mmoja kuvuka kutoka anodi hadi kathodi. Mwenye kiwanda hawezi kuiharakisha safari hiyo kwa kuongeza mkondo apendavyo, kwa kuwa yaliyompata mwanafunzi mwenye haraka yatampata na yeye, shaba ije kama unga na uchafu uvuke pamoja nayo. Kwa hiyo shaba ambayo ingekuwa imekwisha kupakiwa Mombasa na kulipiwa ingekuwa bado imening'inia katika mrututu wa Jinja, na jumla yake katika vyombo vyote ni tani 1,300 kwa wakati wowote mmoja.

Hiyo ni rasilimali iliyofungiwa, nayo ina gharama yake, ambayo tajiri wa mgodi huipima kwa riba na hali serikali ingeweza kuipima kwa namna nyingine. Kwa mwenye mtaji wa kigeni, aliyekuwa na soko la shaba ghafi likimsubiri ng'ambo kwenye viwanda vikubwa vyenye kusafisha mara kadhaa ya kiasi chake, kuuza mapema kulikuwa na maana, wala simlaumu kwa kuhesabu faida yake. Kwa nchi, hesabu ilikuwa tofauti, maana katika tope lile jeusi la chini ya vyombo, katika waya ambazo zingeweza kuvutwa kutokana na shaba safi, na katika mafundi ambao wangejifunza kuutunza mkondo, kulikuwa na mali ambayo haikuandikwa katika daftari la mwenye mgodi. Serikali ya Uganda imekwisha kutamka mara nyingi kwamba madini ya nchi yasiuzwe nje yakiwa ghafi, na tamko hilo ni jema. Ila tamko haliwezi kujadiliana na mwekezaji. Kinachoweza kujadiliana naye ni karatasi yenye tarakimu hizi: kilowati 361, vyombo 145, tani 1,300 zilizofungiwa kwa zaidi ya mwezi, na riba ya thamani yake, ikilinganishwa na tofauti ya bei kati ya shaba ghafi na shaba safi siku ya mkataba. Karatasi hiyo huandikwa kwa kulombi, kwa moli na kwa saa, na wa kuiandika wamekwisha kufunzwa katika madarasa ya Kampala. Kilichobaki ni kuulizwa.